Keki ya Nusu Kilo

Kenya keki huagizwa kwa kilo. Mteja hutaja uzito kwanza, ladha baadaye, na jina la kuandikwa juu mwisho kabisa. Membley, mtaa wa mageti na nyumba za familia ulio upande wa Ruiru ukitoka Nairobi kwa Barabara ya Thika, keki nyingi za sherehe hazitoki hotelini wala kwenye supamaketi. Zinaokwa jikoni kwa mtu, zinatiwa kwenye boksi, na mwendeshaji wa boda boda anaonywa asiyarukie matuta. Siku hizi agizo linaloingia mara kwa mara kwenye simu ya mwokaji ni la nusu kilo.

Sababu zake zinajulikana. Mwaka 2023 bei ya kilo moja ya sukari ilipita shilingi 200, na kila anayeoka akalazimika kupiga hesabu upya. Familia nazo zimepungua ukubwa: baba, mama, watoto wawili, pengine na shangazi aliyekuja kutoka ushago. Keki ya kilo mbili kwa watu watano huishia kwenye friji ikikauka. Kisha ukaja mtindo wa keki za boksi kutoka Korea, zile za inchi 4 zinazotiwa kwenye boksi la chakula, na vijana wa Thika Road wakazipenda mara moja. Kwa hiyo mwokaji ambaye miaka kumi iliyopita alihitaji tini mbili za duara sasa ana rundo la tini zinazoingiana, na ndogo ndizo zilizochakaa zaidi.

Watu hudhani keki ndogo ni keki kubwa iliyokatwa katikati. Ingekuwa hivyo, kazi hii isingehitaji fundi. Anayeijua vizuri anajua ni vitu gani vya keki vinakubali kugawanywa, na ni vipi vinakataa. Nimependa kukaa kwenye kibao karibu na jokofu la mwokaji mmoja wa Membley na kutazama namna anavyoshughulika na vile vinavyokataa.

Anaanza na tini, kabla hajagusa unga. Jicho hudanganya hapa kuliko mahali pengine popote. Tini ya inchi 8 na tini ya inchi 6 zikiwekwa mezani zinatofautiana kwa inchi mbili tu, na mtu wa haraka atasema apunguze robo ya kila kitu. Akifanya hivyo rojo litamwagika ndani ya oveni, na sukari iliyoungua kwenye sakafu ya oveni ina harufu inayokaa wiki nzima. Ukubwa wa duara hauendi na kipenyo, unaenda na kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe. Nane mara nane ni 64. Sita mara sita ni 36. Gawanya 36 kwa 64 utapata zaidi kidogo ya nusu, sehemu 9 katika 16. Tini ya inchi 4 ni robo kamili ya ile ya inchi 8. Na ukitoka inchi 9 kwenda inchi 6 umeshuka chini ya nusu. Hesabu hii haihitaji pai wala kikokotoo, mradi tini zote ziwe na kina kimoja. Ukihamia kwenye tini ya pembe nne, inakusaidia kujua kwamba mraba wa inchi 8 unakaribia kulingana na duara la inchi 9, kwa hiyo resipe ya moja huingia kwenye nyingine bila kubadilishwa chochote.

Fundi wangu hana haja na haya yote. Yeye hutumia maji. Anaiweka tini kwenye mizani ya jikoni, anarudisha namba kwenye sifuri, anajaza maji hadi ukingoni na kusoma uzito. Kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, mizani inamwambia ujazo moja kwa moja. Tini yake ya inchi 8 yenye kina cha inchi 2 inabeba lita 1.6 na ushee. Ya inchi 6 inabeba 0.9. Ya inchi 4 inabeba 0.4. Namba hizo amezichora kwa msumari kwenye kitako cha kila tini kwa nje, kwa sababu wino wa kalamu huungua na karatasi hubanduka. Tini zenye kitako cha kutoka zinavuja, kwa hiyo hizo anazipima kwa mchele: anajaza, anasawazisha kwa kisu, kisha anaumimina mchele kwenye jagi lenye alama. Tini kadhaa alizinunua Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, zimekunjwa kwa mkono, na mbili zinazoitwa za inchi 6 hazilingani. Msumari unazitofautisha.

Baada ya tini, yai. Hapo ndipo wengi hukwama, na hapo ndipo nilipoanza kumstahi.

Chukua keki ya siagi ya kawaida, ile ya vipimo vinavyolingana ambayo Waingereza waliijua tangu karne ya 18 kwa ratili moja ya kila kitu. Kwa tini ya inchi 8 fundi wetu anatumia gramu 250 za unga wa ngano, 250 za siagi, 250 za sukari, na mayai matano, kwa kuwa yai la wastani bila ganda lina gramu 50 hivi. Rojo lote linafika kilo moja na kujaza karibu theluthi mbili ya tini. Sasa mteja anataka ya inchi 6. Kwa hesabu ya 9 katika 16, unga ni gramu 140, siagi 140, sukari 140. Na mayai? Mawili na sehemu nane za kumi. Hakuna kuku anayetaga hivyo.

Njia ya kwanza ni kuvunja mayai matatu kwenye bakuli, kuyapiga kwa uma hadi ute na kiini viwe kitu kimoja, kuyapima, na kutoa kijiko kimoja cha kuongezwa kwenye mandazi ya kesho. Ni njia nzuri. Lakini yeye hugeuza mambo. Anaanza na mayai: matatu, yapimwe, yawe gramu 150 au 156 au 148, kisha unga, siagi na sukari vifuate namba hiyo hiyo. Rojo linakuwa zaidi kidogo ya hesabu ya tini, na kile kijiko au viwili vinavyozidi anavitia kwenye kikombe cha karatasi na kuoka pembeni. Kikeki hicho ndicho anachoonja kabla keki ya mteja haijapakwa chochote. Kwa tini ya inchi 4 anaanza na yai moja tu, na kila kitu kinalifuata hilo yai moja. Nilimuuliza kwa nini yai ndilo linaloongoza. Akasema vingine vyote vinachoteka kwa kijiko.

Katika kugawanya, vitu vidogo ndivyo vinavyoleta hasara kubwa. Gramu 5 zikikosewa kwenye unga wa keki ya kilo, hakuna atakayejua. Zikikosewa kwenye keki ya yai moja, hiyo ni sehemu ya kumi ya unga wote. Ndiyo maana vikombe na vijiko, ambavyo vinatosha kabisa kwa keki kubwa ya nyumbani, havifai tena chini ya inchi 6. Mizani yake inasoma gramu mojamoja, na anapopima beking poda anaitumia nyingine ndogo zaidi, ya aina inayotumiwa na masonara.

Beking poda inastahili aya yake, kwa sababu Membley iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, na kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi, vipovu vya gesi ndani ya rojo hutanuka kwa urahisi. Vitabu vingi vya mapishi vinavyosomwa hapa viliandikwa na watu wanaooka karibu na usawa wa bahari. Rojo la London likiokwa Ruiru huumuka upesi kuliko unga na mayai vinavyoweza kushikana, halafu linabonyea katikati. Kanuni inayofuatwa kwa mwinuko huu ni kupunguza kila kijiko cha chai cha beking poda kwa thumuni hadi robo, kupunguza sukari kidogo, na kuongeza maziwa kidogo. Binamu wa Mombasa akikutumia resipe yake, furahi, lakini usiitumie kabla hujaisahihisha.

Hapo udogo wa tini unaingilia kati. Rose Levy Beranbaum, Mmarekani aliyeandika The Cake Bible mwaka 1988, alionyesha kwamba kadiri tini inavyokuwa pana ndivyo beking poda inavyotakiwa kupungua kwa uwiano, kwa kuwa moto huchelewa kufika katikati na rojo linahitaji nguvu ya kusimama lenyewe kwa muda mrefu. Kwa maneno mengine, tini ndogo inavumilia beking poda zaidi. Mwinuko unamwambia mwokaji apunguze, tini inamwambia aache. Fundi huyu amepata mahali pake kati ya sauti hizo mbili: kwa keki ya inchi 8 anapunguza robo nzima, kwa ya inchi 4 anapunguza thumuni, na kwa ya inchi 6 anasawazisha kijiko kwa mgongo wa kisu na kuitazama ile poda kidogo kabla hajaitia. Huko kuitazama sijui nikueleze vipi. Ni sehemu ya kipimo.

Ruiru, nitaongeza hapa, ni mahali ambapo udogo umewahi kufanyiwa kazi kwa bidii. Watafiti wa kahawa wa hapo ndio waliotoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985, mbuni mfupi uliojibana ambao mkulima mwenye shamba dogo anaweza kuupanda kwa wingi, na unaostahimili magonjwa yaliyokuwa yakiwamaliza wenzake warefu. Mashamba mengi ya kahawa ya pande hizi sasa yameota nyumba, na katika nyumba hizo watu wanapunguza keki.

Turudi kwenye oveni. Keki huiva kutoka ukingoni kwenda katikati, na tini ndogo ina ukingo mwingi kuliko inavyoonekana. Ukilinganisha mzingo na eneo, tini ya inchi 4 ina ukingo mara mbili ya ile ya inchi 8 kwa kila kipande cha keki. Hiyo ndiyo sababu keki ndogo hukauka pembeni upesi. Nyuzi 180 zinazofaa keki kubwa zinafaa pia hapa, lakini saa haigawanyiki kwa robo na nusu. Keki ya inchi 8 inachukua dakika 40 hadi 45 katika oveni yake. Ya inchi 6 inachukua 30 hadi 35. Ya inchi 4, ambayo tini yake ni robo, inachukua 20 hadi 25, si 10. Anayegawa dakika kama anavyogawa unga atatoa rojo la moto.

Kuzuia ukingo usiungue ana dawa ya kale na ya bei rahisi. Anachana taulo kuukuu vipande virefu vya upana wa inchi 2, anavilowesha, anavikamua visidondoshe maji, kisha anavizungusha nje ya tini na kuvifunga kwa pini. Kitambaa kikiwa na maji hakiwezi kupata joto zaidi ya maji yanayochemka, kwa hiyo ukingo unabaki na joto la chini wakati katikati inaendelea. Keki inatoka ikiwa sawa juu, bila kilima, na hakuna cha kukata na kutupa. Kwenye keki ya kilo kile kilima kilichokatwa hakimuumizi mtu. Kwenye nusu kilo ni gramu 50 za mteja. Tini nyeusi zilizozeeka, ambazo hunyonya moto, huvalishwa kitambaa kinene zaidi kuliko zile za alumini zinazong'aa. Zote hukaa rafu ya katikati, zikiachiana nafasi ya vidole vitatu ili hewa ipite.

Dakika tano kabla ya wakati anainama. Hafungui mlango. Anatazama kioo kuona kama keki imeanza kujitenga na ukingo wa tini kwa upana wa uzi. Kisha ananusa. Siagi iliyoiva ina harufu yake, na kabla ya hapo jikoni kunanukia mayai. Baada ya hapo ndipo anafungua, anabonyeza kwa kidole kimoja, na kama shimo linarudi juu anachomeka kijiti. Kijiti ni cha kuthibitisha tu.

Kazi hii haikuanza na oveni za umeme. Pwani, mkate wa mayai umeokwa kwa vizazi kwenye sufuria yenye moto chini na makaa juu ya kifuniko, na wengi huupima kwa kikombe kilekile kwa mayai, sukari na unga, kwa hiyo ukiwa na sufuria ndogo unachukua kikombe kidogo. Bara, kabla umeme haujafika nyumba nyingi, keki ziliokwa kwenye sufuria ndogo iliyowekwa ndani ya kubwa yenye mchanga. Sufuria zetu zisizo na mikono huingiana kwa mpangilio wa ukubwa, na mama aliyezijua alijua pia ipi inabeba rojo la mayai mangapi. Kwini keki za dukani, zile zinazoliwa na chai ya saa nne, ni keki za tini ndogo kuliko zote, na hakuna anayeziona ajabu. Na harusi je? Keki ya ngazi nne, inchi 12, 10, 8 na 6, pamoja na zile za pembeni wanazokabidhiwa wazazi wa pande mbili, ni resipe moja iliyoingizwa kwenye tini tofauti na kutakiwa kuwa na ladha moja, urefu mmoja na unyevu mmoja. Waokaji wa harusi wamekuwa wakiijua hesabu hii siku zote. Kilichobadilika ni kwamba ngazi ya juu kabisa sasa inaagizwa peke yake.

Mbele yangu simu ililia, akaiweka kwenye spika kwa kuwa mikono ilikuwa na siagi.

"Auntie, nusu kilo ni ya watu wangapi?"

"Wakubwa ama watoto?"

"Wakubwa, sita."

"Itawatosha mkikata kama ya harusini."

Aliyepiga alicheka, kisha akauliza bei, na alipoambiwa akanyamaza kidogo. Alitarajia nusu ya bei ya kilo moja. Kila mwokaji wa mtaa huu anakijua kimya hicho, nami nikikaa pale huwa namtetea fundi moyoni, maana hesabu iko upande wake. Tazama ile ndogo zaidi, ya boksi. Keki ya inchi 8 yenye kimo cha inchi 4 ina uso wa kupakwa krimu, juu na pembeni, wa inchi za mraba kama 150. Keki ya boksi ya inchi 4 yenye kimo cha inchi 3 ina 50. Rojo lake halifiki robo ya ile kubwa, lakini krimu yake ni theluthi nzima. Boksi ni moja kwa zote mbili, na boda boda ni moja. Gesi au tokeni za umeme zilizotumika kupasha oveni moto ni zilezile. Jina la mtoto linaandikwa kwa herufi zilezile, ila kwenye nafasi finyu ambako mkono ukitikisika hakuna pa kuficha kosa. Wale wanaoandika sentensi nzima juu ya inchi 4 kwa krimu nyekundu wana mikono ambayo ningewaonea wivu hata kama wangekuwa maseremala.

Kuna hesabu moja ya mwisho inayonifurahisha. Keki inapookwa hupoteza maji, karibu sehemu ya kumi ya uzito. Lile rojo la gramu 560, lililopatikana kwa 9 katika 16, linatoka kwenye tini ya inchi 6 likiwa na gramu 500 na chembe. Nusu kilo kamili, kabla ya krimu. Fundi huiweka kwenye mizani ikiwa imepoa, anasoma, na kuitoa bila kusema neno. Wapo wanaouza uzito huo pamoja na krimu, na wapo wanaouza bila, na wote wawili huita keki yao ya nusu kilo.

Kwa hiyo ukiagiza, uliza kwanza kama kilo hiyo ni ya keki tupu au ni pamoja na krimu. Mwambie fundi idadi ya walaji na kama ni wakubwa au watoto, mpe walau siku mbili, na kama una tini yako mwenyewe unayotaka keki iokwe humo, mpelekee tini yenyewe badala ya kumtajia inchi. Akikutajia bei, usimuulize kwa nini si nusu ya ile ya kilo.